Sheria ipo Nairobi, sindano haipo hospitalini: familia kumi na moja zianzie wapi?

SWALI: Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26. Ugonjwa ulimwanza akiwa kidato cha nne, na hospitalini wakasema ni skizofrenia. Akidungwa sindano yake ya kila mwezi anakaa vizuri, hata shambani anaingia. Sindano ikikosekana miezi miwili halali tena, anazungumza na ukuta, anasema chakula kimetiwa sumu. Mwaka jana tulikwenda kituo cha polisi kuomba msaada wa kumpeleka hospitalini, tukaambiwa hajavunja sheria yoyote. Wiki tatu baadaye akavunja vioo vya duka la jirani. Hapo walikuja haraka, na akalala rumande siku tisa bila dawa. Sasa mama amemfunga mnyororo chumba cha nyuma. Hapa kwetu na vijiji vya jirani tuko familia kumi na moja zenye mgonjwa kama huyu, na tumeanza kukutana Jumamosi jioni. Tunataka sheria ibadilishwe, mtu atibiwe kabla hajaharibu kitu. Hatumjui wakili wala mbunge. Tuanzie wapi?
Dada Mkubwa, Pwani ya Kenya

JIBU: Dada Mkubwa, pole, na umfikishie mama pole zangu kabla hujamsomea mengine. Nimekuwa muuguzi wa wodi za wagonjwa wa akili zaidi ya miaka ishirini na sijakutana na mama aliyemfunga mwanawe kwa chuki. Hufunga kwa kuogopa barabara, kisima, na kundi la vijana wenye mawe. Hata hivyo mnyororo huo ufunguliwe wiki hii, msingoje sheria. Kifundo cha mguu hufanya kidonda upesi, damu huganda kwa mtu asiyetembea, na nyumba ikishika moto nani atakayekumbuka ufunguo uko wapi? Mwende hospitalini watu wawili, mmoja akiwa na kadi yake ya kliniki, mwulize sindano ipo au haipo. Kama haipo, mwulize inapatikana hospitali gani nyingine ya umma, na jibu mliandike pamoja na tarehe. Nitaeleza baadaye kwa nini nasisitiza kuandika.

Sasa kuhusu mliyoambiwa kituoni. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, ile ya mwaka 1989 iliyoanza kutumika 1991, ina kifungu cha 16 ambacho ningependa kila mmoja wenu akijue kama anavyojua namba yake ya kitambulisho. Kifungu hicho kilimpa mkuu wa kituo cha polisi, afisa wa cheo cha inspekta kwenda juu, chifu na hata naibu wa chifu mamlaka ya kumchukua mtu anayeamini ni mgonjwa wa akili na ambaye ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, na kumfikisha hospitalini ndani ya saa 24. Kinamhusu pia mgonjwa asiyepata uangalizi unaofaa, au anayeteswa na kutelekezwa na jamaa zake. Soma hapo mara mbili. Hakuna panaposema lazima kwanza avunje vioo vya duka. Na mgonjwa aliyefungwa mnyororo ndani anaweza kuingia katika kifungu hichohicho, jambo ambalo mama alijue mapema kwa upole, asije akalisikia kwa mtu mwingine.

Aliyewarudisha nyumbani siku ile yamkini hakuwa na ubaya. Polisi wengi hawajawahi kufundishwa kifungu hiki, na aliyefundishwa anajua pia kwamba akimchukua mgonjwa, gari la kituo halina mafuta, hospitali ya karibu haina kitanda, na yeye ndiye atakayekesha naye kwenye benchi. Kwa hiyo anangoja kosa la jinai, kwa sababu rumande haikosi nafasi.

Ndiyo maana nakwambia, kabla ya kudai sheria mpya, jueni mnayo sheria gani. Mtashangaa. Ile ya 1989 ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya 1949, na bado ilikuwa na harufu ya zamani ile: vitu kama kufungia, kuzuia, kusimamia mali ya mgonjwa. Mwaka 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti kali juu ya jinsi huduma za afya ya akili zilivyotelekezwa. Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akaja na lugha yake ya tarakimu: kati ya hospitali 284 za umma za ngazi ya nne kwenda juu, 29 tu ndizo zilizokuwa zikitoa huduma hizi. Seneta Sylvia Kasanga akaupeleka mswada wa marekebisho Seneti mwaka 2018, ukarudi tena 2020, na mwaka huohuo jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga, baada ya kusikiliza wananchi, likataka hali hii itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi marekebisho hayo Juni 2022. Miaka minne kwa mswada mmoja, na huo ulikuwa na seneta wa kuubeba.

Marekebisho hayo yanasema mengi mazuri. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa matibabu yake na kuyaridhia, siri zake kulindwa, kuwakilishwa kisheria. Njia za kulazwa zimetenganishwa: kwa hiari, bila hiari, na kwa dharura, kila moja na masharti yake. Na hapa ndipo penye faida yenu: serikali za kaunti zimepewa wajibu wa kutoa huduma hizo, kuzitengea fedha na kuzifikisha kwenye jamii, na kila kaunti inatakiwa iwe na baraza lake la afya ya akili. Hospitali za rufaa za kitaifa kama Mathari, iliyoanzishwa 1910, zimebaki kwa serikali kuu, lakini zahanati ya kijijini kwenu na hospitali mnayokwenda kudungwa sindano ni mali ya kaunti tangu Katiba ya 2010.

Kwa hiyo swali lenu, kwa maoni yangu, limesimama nusu hatua kando ya mahali linapotakiwa kusimama. Mnataka kwenda Nairobi kudai maneno. Maneno yapo. Kinachomfanya mdogo wako azungumze na ukuta ni sindano ambayo haikununuliwa, na sindano hiyo hununuliwa au hukosa kununuliwa katika bajeti ya kaunti yenu.

Nikupe mfano wa mbali, kwa sababu wenzetu walipita njia hii na miguu yao ina makovu. Januari 1999, mjini New York, mwanamke kijana aitwaye Kendra Webdale alisukumwa mbele ya treni na mtu mwenye skizofrenia, Andrew Goldstein, ambaye kabla ya siku ile alikuwa ameingia na kutoka hospitalini mara nyingi. Familia ya marehemu ikashirikiana na familia za wagonjwa, na kabla ya mwaka kwisha jimbo likawa na sheria yenye jina lake: hakimu anaweza kuamuru mtu mwenye historia ya kuacha dawa atibiwe akiwa nyumbani, na papo hapo huduma zinalazimika kumfikia. New York iliweka fedha pembeni ya sheria hiyo. California ilifuata 2002, baada ya msichana wa miaka 19, Laura Wilcox, kuuawa akiwa kazini katika kliniki. Ila California ilipitisha sheria bila fedha, na ikaziachia kaunti zake 58, kila moja iamue kama inaitaka au la.

Unajua kilichotokea? Karibu hakuna. Kaunti ya Nevada, ileile alikouawa Laura, ndiyo ya kwanza kuitekeleza kikamilifu, mwaka 2008. Kisha wazazi wakaanza kazi ambayo haitangazwi redioni: kwenda kwenye vikao vya halmashauri za kaunti, juma hadi juma, kusimama kwenye kipaza sauti kwa dakika zao chache, kueleza mtoto wangu alilala wapi jana. Orange, San Francisco na Los Angeles zilikubali 2014, miaka kumi na miwili baada ya sheria kupitishwa. Hatimaye mwaka 2020 jimbo likageuza kanuni: kaunti isiyotaka ndiyo ijieleze hadharani kwa nini. Mazingira yao si yetu, lakini ugatuzi ni ugatuzi. Ghana nao walipitisha sheria nzuri ya afya ya akili mwaka 2012, kanuni za kuitekeleza zikaja 2019.

Lakini usichukue sehemu moja ya mfano ukaacha nyingine. Wapo, Marekani na hapa kwetu, wanaopinga kabisa matibabu ya lazima, na wengi wao ni watu waliowahi kulazwa kwa nguvu, wakafungwa vitandani na kudungwa wakiwa wameshikwa na wanaume wanne. Nimekuwa mmoja wa hao wanne, kwa hiyo siwezi kujifanya sijui wanasema nini. Tena wana ushahidi. Uingereza iliweka amri za matibabu ya lazima nje ya hospitali, na utafiti uliochapishwa 2013 na timu ya Profesa Tom Burns wa Oxford ukafuatilia wagonjwa zaidi ya 300 waliogawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja chini ya amri ya muda mrefu, jingine likienda nyumbani kwa utaratibu mwepesi wa muda mfupi. Baada ya mwaka mmoja, waliorudi hospitalini walikuwa asilimia 36 kwa kundi la kwanza na asilimia 36 kwa la pili. Burns mwenyewe alikuwa mmoja wa waliozipigia debe amri hizo, akabadili mawazo.

Mimi msimamo wangu ni huu. Iko siku mtu haoni kwamba anaumwa, na kumwacha siku hiyo kwa jina la uhuru ni kumtupa. Lakini siku hizo ni chache mno kuliko siku ambazo mgonjwa mwenyewe alikuja dirishani na kadi yake mkononi akaambiwa dawa hakuna, rudi wiki ijayo. Mdogo wako, kwa maelezo yako, hakatai sindano. Sindano ndiyo inayomkataa yeye. Msidai kulazimishwa kwa mtu ambaye hajanyimwa kitu kingine ila huduma.

Basi Jumamosi hii nunueni daftari moja kubwa. Kila familia ipewe kurasa zake. Andikeni tarehe mliyokwenda hospitalini, dawa iliyoandikwa, kama ilipatikana, kama mliinunua duka la dawa na kwa shilingi ngapi, nauli, siku za kibarua zilizopotea, siku za rumande, usiku wa mnyororo. Msiandike hisia, hisia mtazisema kwa mdomo siku yake. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuwa na kitu ambacho pengine hata idara ya afya ya kaunti haina: hesabu ya familia kumi na moja, mwezi kwa mwezi. Niliwahi kuona kikundi cha akina mama kikiingia kikaoni na malalamiko ya jumla, wakasikilizwa kwa heshima na kupewa soda. Mwaka uliofuata walirudi na hesabu ya miezi ambayo dawa haikuwepo, na ofisa aliyekuwa akitabasamu akaanza kupekua faili.

Chagueni madai matatu, yasizidi. Mimi ningechagua haya: sindano ya mwezi na vidonge vya kupunguza madhara yake viwekwe katika maagizo ya dawa ya kaunti kwa idadi ya wagonjwa wanaojulikana, si kwa kukisia, muuguzi wa afya ya akili afike zahanati yenu siku moja iliyotangazwa kila mwezi, na kituo cha polisi pamoja na machifu wafundishwe kifungu cha 16, kuwe na namba moja ya kupiga. Hayo hayahitaji mswada. Ongezeni swali moja: baraza la afya ya akili la kaunti limeundwa? Kama limeundwa, linakutana lini?

Halafu mjue kalenda, maana wengi hufika sherehe imekwisha. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kabla ya 28 Februari. Makadirio ya bajeti yenyewe kabla ya 30 Aprili, na yote hufungwa 30 Juni. Watu humiminika kwenye vikao vya Mei, vyenye hema na viti vya plastiki, wakati ambapo karibu kila shilingi imeshapewa jina. Ninyi jitokezeni mapema, wakati mpango wa Septemba unaandaliwa, na tena wakati wa waraka wa Februari. Jambo lisilokuwa kwenye mpango ni vigumu sana kulichomeka kwenye bajeti. Vikao hivyo hutangazwa. Mwombeni mwakilishi wadi wenu tarehe, na msipomwamini, mwulizeni karani wa bunge la kaunti.

Sambamba na hilo, pelekeni ombi rasmi kwenye bunge la kaunti. Hii ni haki ya mwananchi chini ya sheria ya serikali za kaunti ya 2012, kama vile Katiba, ibara ya 119, inavyompa kila mtu haki ya kupeleka ombi katika Bunge la taifa. Hakuna haja ya wakili. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono, lugha iwe ya adabu. Lieleze tatizo, lieleze mlishajaribu ofisi gani na mlijibiwa nini (hapo ndipo yale majibu ya dirishani yenye tarehe yanapopata kazi), liseme kama jambo liko mahakamani au la, na liseme mnataka bunge lifanye nini. Mwisho majina, anwani, namba za vitambulisho na sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, ombi lenu ni hadithi.

Mtapata watu wa kuwashauri mtangulize hofu: semeni wagonjwa hawa wataua mtu. Ni kweli hofu hufungua milango haraka, New York iliifungua. Lakini ukishamwuza ndugu yako kama mnyama wa hatari, kesho utapewa ulichonunua, nayo ni kuta na polisi. Wengi wa wagonjwa niliowahudumia walipigwa zaidi ya walivyopiga. Mwingine atasema mwende na mnyororo muumwage mezani mbele ya wapiga picha. Msiende nao. Mdogo wako ataishi kijijini hapo miaka mingi baada ya picha hiyo.

Aende yeye, akipenda, na wengine kati ya hao kumi na moja walio na nafuu. Kuna chama cha watu wanaoishi na magonjwa haya, Users and Survivors of Psychiatry Kenya, ambacho kwa miaka kimesisitiza kwamba mgonjwa asizungumziwe akiwa ameachwa nje ya mlango. Watafuteni, hata kama hamtakubaliana nao kuhusu matibabu ya lazima. Na mkumbuke kwamba mahakama nayo ni mlango. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Waliokwenda mahakamani walikuwa Tume ya Haki za Binadamu, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, na mwananchi mmoja aliyesimama pamoja nao. Ninyi hamjafika huko, na huenda msihitaji kufika, lakini daftari lenu likihifadhiwa vizuri ndilo litakalokuwa ushahidi.

Kuhusu maombi na tiba za jadi, kwa kuwa najua litaulizwa Jumamosi: kisomo na kombe viendelee kama ndiyo imani ya nyumba, ila sindano isikatizwe kwa ajili yake, na msimpeleke mahali panapofunga watu. Mashehe na wachungaji waalikeni kwenye kikao. Mwakilishi wadi ambaye hajawahi kujibu simu yako hujibu ya shehe.

Mwisho, kabla ya kikao hicho. Chagua siku mdogo wako ametulia, sindano imekolea, mkae wawili chini ya mti bila mama. Mwulize: ukianza kuumwa tena, wewe mwenyewe utajijua kwa dalili gani? Nani aitwe kwanza? Nani asikuguse? Dawa ipi inakufaa, ipi inakukakamaza shingo? Ukikataa kwenda hospitalini siku hiyo, unataka tufanye nini? Andika maneno yake kama alivyoyasema, atie sahihi, na ukurasa huo uwe wa kwanza katika daftari.